Ukoka wa Bi Sikudhani

"Gugu kwako, shuka kwa mwenzio." Mmemsikia jirani akimwambia mwanawe hivyo pale uani, sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu mlimani.

Zamani, kitoto kilichokufa kabla ya kupewa jina hakikuwekewa jiwe. Kilizikwa shambani, mama akapandikiza ukoka juu yake ili mvua isichukue udongo, na habari zake hazikutajwa tena. Bi Sikudhani alikuwa na kipande cha ukoka katikati ya maharage yake. Hata mwanawe aliyezaliwa baadaye hakuambiwa ni cha nini.

Mwana yule akaoa. Mkewe, Hidaya, alikuwa mtu wa kazi. Siku moja wanawake waliokuja kusaidiana kulima wakamcheka, "Mama mkwe wako anafuga ukoka! Au ana mbuzi tusiowajua?"

Hidaya akaona haya. Bi Sikudhani alipokwenda kumuuguza dada yake, Hidaya akashika jembe. Akaukatakata ukoka wote, akasawazisha, akapiga matuta mapya shamba zima. Alitaka kumfurahisha mama mkwe.

Bi Sikudhani akarudi, akasimama ukingoni mwa shamba, mzigo ungali kichwani.

"Shikamoo mama. Umeona nilivyokusafishia?"

Akautua mzigo. "Ule ukoka, mwanangu, ulikuwa wapi?"

"Hapa... au pale, kwenye lile tuta. Lakini mama, lilikuwa gugu tu."

"Gugu kwako. Kwangu lilikuwa shuka. Nilimfunika nalo mtoto wangu wa kwanza."

Hidaya akapiga magoti, akaanza kupapasa matuta huku analia. Bi Sikudhani akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Utamkanyaga."

Nanyi mnaujua ukoka, ukiukata vipande, kila kipande huota. Mvua zilipokolea, ukachipua shamba zima. Bi Sikudhani akakataa usiguswe, maana hakujua tena upi ni wake. Maharage yakasongwa, mwaka ule wakala kwa kuomba. Na hadi anakufa, kila alipopita pale alivua makubazi, akatembea polepole kama mtu aliye chumbani mwa mtoto aliyelala.

Pale ndipo mnapochezea mpira. Ndiyo maana tunawaambia mvue viatu.

Gugu kwako, shuka kwa mwenzio.