Bafu la Kumpokea Mama

Kaeni vizuri, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Bi Mwanamvua wa Tanga alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mbaruku, mkubwa wao, alikuwa mwashi, na ukuta wake haukupinda. Shekue aliujua umeme. Mwantumu alijua kumtafutia mtu kitu anachokihitaji kabla hajakitaja. Mama alipokwenda kuhiji, watatu hao walikubaliana wamjengee bafu la ndani, akirudi alikute.

Shekue aliweka soketi upande usio na maji, akamwambia Mbaruku, "Kaka, mtu aliyesimama chini ya bomba asiweze kuifikia hii kwa mkono. Ndiyo sheria ya umeme." Aliporudi kupaka rangi, akakuta bomba la kuogea limehamia upande huo huo, karibu na soketi. Lakini wageni wa kumpokea mama walikuwa njiani, na kubomoa vigae vipya ingekuwa aibu. Akanyamaza.

Mbaruku ndiye aliyelihamisha. Maneno ya mdogo wake aliyasikia vizuri, ila maji ya tangi yalipita ukuta ule wa soketi, na kuupasua ukuta wa pili alikuonea uvivu. "Mama atachomeka nini bafuni?" akajisemea. Akanyamaza.

Mwantumu alimnunulia mama hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo, asihangaike kubeba maji ya moto kutoka jikoni. Alipoijaribu mle bafuni, umeme ukamtekenya vidole. Akaona kuwa akisema, atawafedhehesha kaka zake. Naye akanyamaza, na hita akaiacha pale pale.

Bi Mwanamvua akapokewa kwa dufu. Akawavuta majirani kwa mikono, mmoja mmoja. "Njooni muone bafu nililojengewa na wanangu." Wageni walipotawanyika akachemsha maji, akafungulia bomba, kisha akanyoosha mkono uliolowa achomoe hita. Umeme ukamtupa chini.

Mungu alimnusuru. Lakini mkono wa kulia, uliosuka mikeka ya kuwalea watatu hao, haukunji vidole tena.

Mkono haukumuuma kama yale aliyoyasikia watoto walipokuja kuomba radhi, kila mmoja akakiri kuwa alijua.

"Nilikuwa naringa mtaani," mama alisema. "Kumbe nyie mlikuwa mnajua."

"Shekue ndiye fundi umeme, mama," alisema Mbaruku. "Angekata waya."

"Nilikukanya, ukapuuza," alijibu Shekue.

"Mimi sikujenga kitu," alisema Mwantumu.

Mama akamgeukia. "Wewe ulionja sumu, ukamwachia mzazi wako sahani."

Bi Mwanamvua alilia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Wawili nitawapa radhi leo. Wa tatu ataondoka bila, mpaka nitakapomwita. Na sijui kama nitamwita."

Wakapiga magoti. Radhi hutolewa kwa mkono wa kulia, na wa kulia ulikuwa umelala pajani, hausikii. Akainua wa kushoto. Ukasimama juu ya vichwa vitatu vilivyoinama, na kila kichwa kilikuwa kimetoka tumboni mwake.

Mimi nimemwacha hapo, mkono haujashuka. Je, ungekuwa wewe ndiye Bi Mwanamvua, ungekiruka kichwa cha nani?