Hodi ya Bwana Tindwa

Hata mwenye nyumba hupiga hodi. Mmemsikia jirani akimwambia hivyo dalali pale ngazini, nanyi mkaniuliza tangu lini mtu akawa mgeni katika mali yake. Kaeni, basi. Neno hili lina chimbuko lake, na chimbuko lenyewe si la kuchekesha.

Alikuwapo Ilala mwanamke aitwaye Hidaya, mpangaji wa ghorofa ya tatu katika jengo la Bwana Tindwa. Mumewe, Mbaraka, alikuwa fundi wa majokofu. Ndiye aliyetia saini mkataba na kulipa kodi ya mwaka mzima, kama wenye nyumba wa Dar es Salaam wanavyopenda. Mwaka haujafika nusu, Mbaraka akafariki kwa homa ya ghafla. Hidaya akakaa eda humo humo ndani, akiwa na wifi yake Chausiku, na hakuna mwanaume asiye ndugu aliyevuka kizingiti.

Asubuhi moja Chausiku alikwenda sokoni. Hidaya alikuwa ametoka kuoga, amekaa kitandani kichwa wazi, nywele zinachuruzika maji, kanga moja kifuani. Akasikia ufunguo ukizunguka mlangoni, akadhani wifi yake amesahau kikapu. Mara zikaingia sauti za wanaume. Kabla hajapata cha kujisitiri, pazia la chumba lilivutwa. Mbele yake alisimama Bwana Tindwa, nyuma yake dalali, na nyuma ya dalali mume na mke asiowajua, watafuta nyumba.

Yule mke alipoona hali ile aligeuka upesi akamvuta mumewe nje. Tindwa hakugeuka. Alifungua kabati, akazisukuma kando kanzu za marehemu ili dalali aone ukubwa wake, akasema hivi vitaondolewa. Hidaya, shuka imemfika kidevuni, akamwuliza ameingiaje. Tindwa akamjibu taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba mkataba aliandikiana na Mbaraka, na Mbaraka hahitaji tena nyumba. Kwa hiyo mjane afungashe, mwisho wa mwezi ahame.

Hidaya hakulia. Machozi aliyamaliza kwa mumewe. Kilichobaki kilikuwa ghadhabu. Siku ile ile alimtuma Chausiku kwa fundi, kitasa kikabadilishwa. Tindwa aliporudi, ufunguo wake ukagoma. Akaupiga mlango mateke, akatukana mpaka akachoka, akashuka.

Lakini hasira ikishapewa kiti haijui kuondoka. Baadaye, eda imekwisha, bomba likapasuka ndani ya ukuta wa bafu la Hidaya, maji yakawa yanapenya chini kwa Bi Kidawa, kikongwe aliyeishi peke yake ghorofa ya pili. Tindwa akaja na fundi bomba. Safari hii alibisha, tena kwa adabu, akaeleza kilichomleta. Chausiku aliinuka akafungue. Hidaya akamwambia aketi. Wakanyamaza kimya mpaka wanaume wakaenda zao. Maji nayo hayakungoja. Kesho yake dari ya Bi Kidawa ikaanguka juu ya kitanda chake. Ni Mungu tu, kikongwe alikuwa jikoni.

Tindwa akamshitaki Hidaya kwenye baraza la mtaa. Hidaya akaenda, amejitanda gubigubi, na wapangaji wenzake wakajaa kusikiliza. Tindwa alinung'unika kama aliyedhulumiwa: kafungiwa mlango wa mali yake, na sasa dari yake imebomoka. Mwenyekiti, mama mmoja aitwaye Nyamizi, akamwuliza kama siku ile ya kwanza alibisha.

"Nibishe hodi kwangu?" Tindwa akasema. "Kila tofali la jengo lile nimelinunua mimi."

Hidaya akasimama bila kupewa ruhusa.

"Matofali ni yako, sikuyadai. Lakini ulichokiona siku ile ni mwili wangu, na ulichokishika ni nguo za mume wangu. Hivyo navyo ulivinunua? Hata mwenye nyumba hupiga hodi."

Tindwa akatazama sakafu. Mama Nyamizi akaamua kwamba kifo cha mume hakimtoi mke katika nyumba iliyokwisha kulipiwa, na kwamba Tindwa hataingia tena bila kutoa taarifa mapema, isipokuwa pakiwa na hatari kama moto. Kisha akamgeukia Hidaya.

"Na siku ya bomba, mwanangu, alipiga hodi au hakupiga?"

"Alipiga."

"Nawe?"

Hidaya akamtazama Bi Kidawa, aliyekaa mbele na vumbi la dari bado kwenye ushungi. "Nilinyamaza," akasema.

"Basi hodi ya haki huitikiwa. Dari mtaijenga wote wawili."

Neno hilo lilimchoma Hidaya kuliko matusi ya Tindwa, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alimwomba radhi bibi yule palepale, akampeleka kwake, akampa kitanda chake mpaka dari ikamalizika.

Tindwa akatoa taarifa, akaja na fundi. Milango ya majirani ilikuwa nusu wazi. Akakohoa, akasema, "Hodi." Hidaya alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye kitasa. Hasira haikuwa imemtoka, na wanaomjua wanasema haikumtoka hadi alipohama. Alimwacha abishe mara ya pili. Ya tatu ilitoka kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba. Ndipo akafungua, akampisha fundi apite, akamwonyesha bafu. Neno "karibu" hakulitamka.

Tangu hapo wapangaji wakawa wanamrushia Tindwa lile neno kila akipanda ngazi, likatoka jengoni, likaenea mitaani, mpaka likawafikia ninyi. Kesho mtapanga, na Mungu akijalia mtapangisha. Mlango ukiwa wenu kwa hati, na ndani yake analala mtu mwingine, simameni nje kwanza. Hata mwenye nyumba hupiga hodi.