Ngozi ya Mguu wa Fundi Cherehani

Wahenga waliposema mwenda pole hajikwai, hawakuwa wakiwatetea wavivu. Walimaanisha kwamba anayetazama anapokanyaga hufika mzima, hali mwenye pupa hufika vipande vipande, kama akifika. Asiyeamini na amuulize binti wa fundi cherehani.

Binti huyo aliotesha ngozi za wagonjwa katika maabara ya hospitali, ndani ya visahani vya plastiki. Wenzake walimwita Umeme. Walidai kwamba asubuhi yeye huingia kazini, na kivuli chake hufuata baada ya chai.

Siku moja pasi ya makaa ilimponyoka baba yake ikamwangukia mguuni. Jeraha likawa pana kama kiganja, likagoma kufunga. Daktari wa upasuaji akakata ngozi ya paja, kadiri ya ukucha, akamkabidhi Umeme.

"Otesha visahani viwili," alisema. "Vyote vikiharibika, itabidi nimchune paja ngozi pana kama jeraha lenyewe. Kwa umri wake, sijui kama atahimili majeraha mawili."

Sasa, seli za ngozi zina protini zilizo mfano wa kulabu. Kila seli huishika jirani yake, na zote husogea pamoja kama watu waliobeba mkeka mmoja, hadi zifunike uwazi. Kulabu hizo hukazwa na madini ya kalsiamu. Umeme alijua kwamba akiyapunguza, kulabu zitalegea na kila seli itatimua mbio kivyake. Alipokumbuka baba yake anavyokunja uso akifungwa bendeji, hakufikiri mara mbili. Kisahani cha kwanza akakinyima kalsiamu.

Kwa siku mbili tu kilijaa pomoni. Umeme akamwita daktari kwa mbwembwe, akashika koleo, akainua ngozi yake. Ikasambaratika kama mkate uliolowa chai. Daktari akavua glovu.

Umeme alikwenda wodini alikolazwa baba yake.

"Baba, nimeharibu."

"Seli zimekufa?"

"Hazijafa. Zimekimbia vizuri sana. Ila hakuna iliyoishika jirani yake."

Mzee alicheka mpaka kitanda kikalia. "Mimi niliwahi kumvalisha bwana harusi suruali niliyoipiga bandi tu, uzi wa kushikiza, sikuitia cherehani. Nilikuwa na haraka kama wewe. Alipoinama kuokota pete, wakwe zake wakajua siri zake zote."

"Baba, mimi sitanii. Kimebaki kisahani kimoja."

"Nami sitanii, mwanangu. Kitambaa kilitosha. Kilichokosekana ni mshono. Nenda ukashone, mguu wangu hauna safari."

Kisahani cha pili akakitia kalsiamu kwa kipimo chake. Kila asubuhi alichungulia kwenye darubini. Seli za mbele zilijinyoosha kuelekea uwazi, za nyuma zikazishika, zote zikasogea kidogo mno. Siku ya tatu hazijafika hata nusu. Vidole vilimwasha Umeme, akavikalia. Siku ya nne akavikalia tena. Siku ya saba uwazi ulikuwa umefungika, na alipoinua kwa koleo, ngozi ilikuja nzima, laini kama hariri iliyotoka kupigwa pasi.

Daktari akaibandika. Wiki tatu baadaye bendeji ilipofunguliwa, mzee aliinamia mguu wake, akaukagua kama anayetafuta kosa katika kazi ya mshindani wake.

"Pindo halionekani," alinung'unika. "Nani amekufundisha?"

"Mshona suruali za maharusi."

Wakatoka wodini wameshikana mikono, hatua kwa hatua, kwa mwendo wa mzee. Wenzake wa maabara waliokuwa mlangoni wanaapa kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Umeme alifika pamoja na kivuli chake. Hakika, mwenda pole hajikwai.