Neno Alilokuja Nalo Kasuku

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Digidigi na Kanga walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Kanga akioga vumbi, Digidigi hupiga chafya, nao hucheka. Na desturi ya msitu ule ilikuwa hii: anayesafiri husindikizwa mpaka kijitoni, na pale kijitoni huambiwa, "Mungu awe nawe."

Siku moja, puruu! Kasuku akarudi kutoka mjini, alikofungwa tunduni kwa Wazungu. Akaja na neno lao moja: bai. Ukiondoka, bai. Ukiondokewa, bai. Wanyama wakalipenda kama nini. Nani tena atembee mpaka kijitoni na jua lote lile? Fisi bai, Nyani bai, kila mmoja akashika njia yake.

Ukame ukaingia. Kundi la kina Kanga likahama. Asubuhi Kanga akapita kumuaga shoga yake. Digidigi alikuwa na majani mabichi mdomoni, na majani siku zile hayaonekani. Akasema, "Bai." Akaendelea kutafuna, nyam, nyam.

Kanga akaenda zake, akigeuka nyuma, akigeuka nyuma.

Majani yakaisha. Digidigi akapiga chafya, hakuna wa kucheka naye. Moyo ukamuuma. Akamwendea Kasuku akamuuliza, mbona neno lake halishibishi?

Kasuku akamweleza alivyomsikia bibi wa nyumba ile akiwafundisha wajukuu. Enzi za mababu zao neno lilikuwa refu, maana yake kwa lugha yetu: "Mungu awe nanyi." Wenye haraka wakalimega, wakalimega, kikabaki kipande, bai.

"Kumbe ni lile lile letu," akasema Digidigi.

Akakimbia mpaka kijitoni, akalisema lote. Ng'ambo kimya. Kesho yake akaenda tena. Akaenda kila siku, mpaka mvua ikanyesha na kundi likarudi. Shoga yake hamo. Wakamwambia ameshataga huko, harudi tena.

Kanga mmoja mzee akasema, "Siku ile alikungoja hapa hapa. Tulimwita, akakataa. Akasema, shoga yangu anamalizia kutafuna, anakuja."

Digidigi akalia. Tangu hapo, hata mpita njia asiyemjua humsindikiza mpaka kijitoni.

Wenzangu, neno fupi halina kosa. Kosa ni kumwachia umpendaye neno, miguu yako ikabaki nyumbani.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye kijito. Haya, nyanyukeni niwasindikize.