Neno la Simba Kinywani mwa Fisi

Mwaka ule jua lilikataa kuiacha nyika. Mito ilikauka, kikabaki kisima kimoja chini ya mwamba. Wanyama wakakubaliana wanywe kwa zamu, wenye watoto kwanza.

Fisi hakuwa na mtoto wala subira. Alikuwa na tumbo tu. Lakini aliwahi kumsikia Simba akisema "Koma!" na nyika nzima ikatulia, naye kwa akili zake chache akaamini kwamba nguvu zimo ndani ya neno lenyewe. Basi akaenda nalo kisimani, akapanda juu ya mwamba.

Swala akaja na mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka.

"Koma!" akasema Fisi. "Simba amenikabidhi neno hili. Atakayekunywa bila idhini yangu atajuta."

Swala akarudi nyuma akilia. Wengine nao wakarudi, wajinga kwa woga wao. Walilisikia neno la mkubwa, wasiulize linatoka kinywa gani. Fisi akanywa peke yake mpaka akacheua.

Sungura alimwona Swala akimlamba mwanawe midomo, akakasirika sana. Akamwendea Fisi kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Koma hapo hapo."

"Nimekoma. Ila wenzangu wananong'ona. Wanasema neno ni la Simba lakini macho ni ya mwizi wa kuku. Simba akisema 'koma' huwa amefumba macho, maana mkubwa hana haja ya kumtazama anayemwamuru. Wewe unachungulia huku na huku, unajishushia hadhi."

Fisi akaona haya, kisha akavimba kichwa. "Hayo nayajua. Nilikuwa napumzisha kope." Akafumba macho, akainua pua juu.

Sungura akakimbia hadi pangoni. "Mzee," akamwambia Simba, "maji yametulia. Karibu unywe."

Simba akaja taratibu, mchanga ukilia chini ya nyayo zake. Fisi alizisikia, akatabasamu, asifumbue macho.

"Koma."

Nyayo zikaendelea.

"Koma, nimesema. Huna adabu? Mama yako hakukufunza?"

"Nani anayeniambia mimi nikome?"

Fisi akafumbua macho, na uso wa Simba ulikuwa mbele ya pua yake. Akalitafuta lile neno, hakulipata. "Mzee, nilikuwa... nilikuwa nakushikia nafasi."

Kofi moja la Simba lilimtoa Fisi mwambani, la pili likamtoa kisimani kabisa, akakimbia akichechemea huku amejinyea. Simba akanywa mafunda machache, akaenda zake bila kumwuliza mtu lolote, kwa kuwa kiburi chake hakikuhitaji habari.

Mtoto wa Swala akarudi na mama yake, akapiga magoti, akanywa. Wanyama waliokuwa wakitetemeka muda mfupi tu uliopita sasa walicheka kwa sauti, kila mmoja akidai kwamba yeye hakuwahi kumwogopa Fisi. Sungura aliwasikiliza, akatema mate chini.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.