Ada ya Taka ya Bwana Mbwilo

Kaeni vizuri. Hadithi yenyewe ni fupi, ila hukumu yake imenishinda. Anayedaiwa na mtu akae mbele, nimwone.

Halmashauri ya mji wa Kisarapa ilichoka kudai. Watu walikuwa wakipelekewa barua, wanazifungia maandazi. Basi Mkurugenzi akaita mawakala watatu kutoka nje, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza, jina lake Sikudhani, alijua kumtafuta mtu. Mkwizu alijua kukaa. Akishakaa mahali, haondoki. Atupele alijua kusema. Mkurugenzi akawapa mdaiwa mmoja wa majaribio: atakayelileta deni lake atapewa kazi ya kudai mji mzima kwa miaka mitatu. Wawili watarudi nyumbani mikono mitupu. Na wote watatu walikuwa na shida ya kazi, tena shida kwelikweli.

Mdaiwa ni Bwana Mbwilo, mwenye ukumbi wa sherehe. Kila Jumapili asubuhi gari la halmashauri huzoa pale mlima wa maganda na mifupa, na ada ya taka, milioni nne, hajalipa miaka tisa. Ukimfuata ukumbini unaambiwa yuko safarini.

Sikudhani hakuuliza Mbwilo yuko wapi. Aliuliza nani ana harusi. "Mtu anayependa kuitwa mwenyekiti hawezi kukosa kamati," alisema. Siku ya nne akamkuta nyuma ya duka la dawa, anaongoza kikao cha harusi ya binti wa kaka yake.

Lakini kumlipisha hakujua, ikabidi awaambie wenzake. Mkwizu akaenda kikaoni bila kualikwa, akavuta kiti cha plastiki.

"Wewe ni wa upande gani?" Mbwilo akamuuliza.

"Mimi nipo tu, mzee."

Kila mmoja akadhani ni ndugu wa mwenzake. Jumapili tano alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, akala karanga za watu. Mweka hazina alipohamishwa kikazi, wakamkabidhi Mkwizu daftari la michango. Hapo ndipo walipokosea. Kisarapa haiogopi halmashauri, lakini inaogopa siku ya kusomwa majina ya walioahidi mchango na hawajautoa.

Kikao cha mwisho wakwe walikuwepo. Sauti ya Mkwizu haivuki meza, kwa hiyo alimleta Atupele amsomee daftari. Atupele akawasoma wadaiwa wote kwa upole, kisha akafunga daftari.

"Mwenyekiti wetu hadaiwi na harusi hata senti. Makofi kwake, jamani."

Watu wakapiga makofi. Mbwilo akainuka kidogo, akapunga mkono.

"Amebakiza lile dogo tu, la taka za miaka tisa. Baba, namba ya malipo ya halmashauri hii hapa. Unalimaliza, tuendelee na habari ya keki? Au nisome na tarehe?"

Mama mkwe akavaa miwani ili amtazame vizuri. Mbwilo akatoa simu, akalipa palepale. Ningekuwepo mimi ningepiga vigelegele.

Kesho yake wakasimama mbele ya Mkurugenzi.

"Bila mimi mngekuwa bado mnapiga hodi ukumbini," alisema Sikudhani.

"Na bila mimi mngeingia kikaoni kama nani?" akauliza Mkwizu.

"Jumapili tano umekaa naye meza moja," Atupele akamjibu, "na hakutoa hata shilingi."

Mkurugenzi akajikuna, akawaambia waje Jumatatu ijayo. Jumatatu ilipofika akatoroka kwa mlango wa nyuma. Leo ni Jumatano. Sikudhani amempata kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, nusu bado. Mkwizu amekaa kiti cha jirani. Atupele anakohoa kidogo, na wateja wote wamegeuka kusikiliza.

Maskini Mkurugenzi anahitaji jina moja kabla Atupele hajafungua mdomo. Je, ungekuwa wewe kwenye kiti kile, ungemtaja nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?