Boti Mlangoni kwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kugombania mapazia, Kifaru alijenga bondeni, na mama yake alikaa ng'ambo ya mto. Sogeeni. Wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa umalize, maana mbele huko kicheko ni haba.

Mama Kifaru alikuwa mzee, na kifua kilikuwa kinambana. Mwanawe alimsihi ahamie kwake, akasihi mpaka akachoka. Bibi yule alikataa katakata.

"Baba yako nimwache kaburini na nani?" alisema. "Sikia, mwanangu. Mali sina. Nilicho nacho ni radhi. Siku yangu ikifika, jirani yangu Bi Kanga atapiga ngoma. Uje unipe sikio lako, nikutamkie radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Radhi mimi siitumi kwa mkono wa mtu."

"Nitafika, Mama."

"Utafika, baba?"

"Wallahi nitafika!"

Sasa, Kifaru na maji marefu hawapatani. Akikanyaga penye kina, bluu! Haonekani. Basi akaenda kumbebea Tembo magogo, misimu miwili mizima, shingo ikachubuka, ngozi ikatoka malengelenge. Tembo akamlipa boti ya mashine, mpya, ina mstari mwekundu ubavuni. Kifaru aliibusu ile boti kama mtoto mchanga. Msicheke, nimeshasema.

Shida ikawa moja. Ailaze wapi?

Chini kule mtoni palikuwa na diko, pahali pa kufungia vyombo, na mwenye diko ni Kiboko. Nguzo imara, kivuli kizuri, na ujira wake kwa mwezi ni mzigo wa majani. Lakini toka kwa Kifaru mpaka huko ni safari. Ukiondoka alfajiri, unafika wakati watu wanakunywa chai ya saa nne.

"Ilete kwangu," Kiboko alimwambia. "Hapa maji yapo masika, yapo kiangazi."

"Mbali, bwana! Ngoma ya mama ikilia, mimi ndiyo kwanza nianze kutembea?"

"Ni mbali, sikatai. Lakini utakuta maji."

Kifaru akarudi kwake anawaza. Ilikuwa masika, na mto ulikuwa umefura ukamwagika bonde zima. Maji yalikuja mpaka kizingitini kwake, yanalamba ngazi. Na pale ngazini, miguu imening'inia, alikaa jirani yake Nguchiro anatafuna mdudu.

Nguchiro huyu mumjue. Mwili wake hata haujazi kikapu, lakini akili! Alikuwa na mke, na watoto wasiohesabika, na mikono yao yote ukiiweka pamoja haiwezi kuinua jembe. Na kule bondeni desturi ni moja: maji yakitoka, tope ni la yule aliyetangulia kutia mbegu. Hakuna kuuliza baba yako nani. Nguchiro kila mwaka alikuwa anatangulia kutamani tu, wenzake wanalima.

"Kaka Kifaru, mbona umenuna?"

"Natafuta pa kulaza boti, jirani. Niwe nayo karibu. Mama hali yake si nzuri."

"Lo! Unatafuta maji nawe umeyakanyaga?" Nguchiro akaruka juu. "Hapa! Mlangoni kwako! Ukikohoa, boti inakuitikia. Ngoma ikilia, ndu! Wewe umeshavuta kamba ya mashine, trrrr! Kabla ngoma ya pili haijapigwa, upo kwa mama."

"Kiboko anasema nipeleke kwake."

"Hee! Kiboko!" Nguchiro akashika kiuno. "Yule anataka majani yako, kaka. Mama yako ni wake? Akifa, atalia yeye?"

Neno hilo lilimwingia Kifaru mpaka kwenye mfupa. Macho yake, mnajua, hayaoni mbali. Akishaona jambo moja la karibu, ndilo hilo hilo. Akarudi kwa Kiboko anafoka.

"Wewe mdomo mpana! Unataka kushibia ugonjwa wa mama yangu!"

"Hayo maji ya mlangoni kwako ni wageni, bwana Kifaru," Kiboko akasema. "Wageni huondoka."

"Na wewe usinisemeshe tena mpaka nife!"

Boti ikalazwa mlangoni. Na kwa kweli mwanzoni ilikuwa raha tupu. Pu-pu-pu-pu! Kifaru huyo, bakuli la uji mapajani, anapita juu ya mashamba ya watu yaliyozama. Anamlisha mama, anamkanda mgongo, anarudi jua bado changa.

"Umefunga wapi chombo, baba?" mama akauliza.

"Mlangoni kwangu, Mama. Ngoma ikilia tu, nimefika."

Bibi akacheka, kifua kikakwaruza. "Basi mimi sina wasiwasi."

Mvua ikakatika. Asubuhi moja Kifaru anafungua mlango, boti imekaa kitako kwenye tope. Maji yapo, lakini yamesogea kule.

"Nguchiro! Maji yameenda wapi?"

"Yamepumua kidogo tu, kaka. Vuta boti, nguvu si unazo?"

Nguvu alikuwa nazo. Akajifunga kamba kifuani, akavuta. Kwaruuu! Chwapu! Kwaruuu! Uti wa boti ukachana tope, ukaacha mfereji mrefu nyuma yake. Akafika majini, akaenda kwa mama, akarudi.

"Usiiache huko majini," Nguchiro akamwonya. "Mamba ataipindua. Irudishe mlangoni. Ila njia ya asubuhi imeshaanza kukauka, itakukwaruzia chombo. Pita pembeni yake kidogo, penye tope laini."

Ikawa ndiyo kazi. Asubuhi kwaruuu kwenda, jioni kwaruuu kurudi, na kila safari pembeni kidogo ya ile ya kabla. Na kila akivuta, nyuma yake wanafuata mke wa Nguchiro na watoto wake wote, kila mmoja na kijikapu, wanainama, wanainuka, wanainama.

"Hao wanafanya nini?" Kifaru akauliza, maana aliona vivuli tu.

"Wanafukia nyayo zako, kaka. Usije ukatumbukia kesho."

"Mungu awabariki. Jirani ndiye ndugu."

Mmeshajua kapuni mlikuwa na nini? Nyamazeni basi. Yeye hakujua.

Mto uliendelea kurudi nyuma, na Kifaru aliendelea kuvuta. Kamba ikamla kifua. Uji ukawa unafika umepoa, kisha ukawa unafika umechacha.

"Mbona siku hizi unachelewa, baba?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba.

Kifaru akatazama chini. Aseme nini? Aseme alimtukana Kiboko bure? Aone haya mbele ya mama yake?

"Kazi nyingi tu, Mama. Boti iko pale pale mlangoni."

"Haya. Ilimradi iko mlangoni."

Alirudi siku ile moyo wake mzito kuliko boti. Alijua. Nawaambieni, mtu huwa anajua. Lakini kwenda kwa Kiboko kusema nisamehe, akaona bora avute.

Kisha kukapambazuka siku yenyewe. Jua halijatoka vizuri, Kifaru anakoroga uji, akasikia kutoka ng'ambo:

Ndu! Ndu! Ndu!

Mwiko ukamtoka mkononi.

"Mama!"

Akatoka mbio, akajitupia kamba kifuani, akavuta. Boti haikutikisika. Tope la mlangoni lilikuwa limekauka usiku, limeibana kila upande. Akavuta tena. Akasukuma kwa pembe. Kraa! Ikang'oka.

"Nguchiro! Njia ya mkato iko wapi? Mama anakufa!"

Nguchiro alikuwa ameshatoka, anapikicha macho. Akatazama huku, akatazama kule.

"Pita mashariki, kaka! Kule bado kubichi!"

Kifaru akapita mashariki. Tope la kule lilikuwa la magotini, halafu likawa la tumboni. Kwaruuu! Chwapu! Ndu! Ndu! Kila ngoma ikilia anavuta, kila akivuta anazama. Akapanda ndani ya boti, akavuta kamba ya mashine, kama vile kelele tu ingeweza kumfikisha. Trrrr! Pangaboi likala tope, likamrushia usoni, likakohoa, likazima. Akashuka akavuta tena. Jua likapanda. Damu ikamtiririka kifuani. Analia, anavuta, anamwita mama yake kwa jina alilokuwa akimwita utotoni.

Jua lilipofika utosini, ngoma ikanyamaza.

Kifaru akasimama. Akasikiliza. Kimya. Akaivua ile kamba, akaiacha boti pale pale imelalia ubavu, akakimbia kwa Kiboko.

Alifika hana pumzi. Alikuwa ametunga maneno njiani, nisamehe bwana Kiboko, nilikosa adabu, lakini mdomo ukatoa neno moja tu.

"Mama."

Kiboko alishafungua chombo.

Walivuka wote wawili, maji tele chini yao. Ng'ambo, Bi Kanga alikuwa amekaa kizingitini, khanga amejifunika kichwani, ngoma imelala pembeni yake.

"Bi Kanga, yuko hai?"

"Amekwenda si kitambo, mwanangu. Mwili bado wa moto. Ingia."

Kifaru akaingia. Akapiga magoti, akaweka sikio lake mdomoni kwa mama yake. Akakaa hivyo. Akakaa. Hapakuwa na kitu.

"Hakuacha neno lolote?" akauliza, uso bado pale pale. "Hata moja?"

Bi Kanga akafuta machozi kwa pindo la khanga. "Nilimwambia, Bibi, mwanao anachelewa, niachie mimi hayo maneno, nitamfikishia. Akakataa. Akasema, 'Ya nini? Boti yake iko mlangoni. Anafika sasa hivi.' Akawa anatazama mlango. Mpaka mwisho alikuwa anatazama mlango."

Kifaru alilia kilio ambacho ng'ambo ya huku walikisikia. Wakamzika bibi jioni ile kando ya mumewe, na mwanawe akalala matanga pale pale chini. Hata matanga yalipokwisha hakuondoka. Alibaki miezi kadhaa akipalilia makaburi yote mawili, mara mbili kwa siku moja, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mwishowe Kiboko akaja kumchukua.

"Nikupe nini, bwana Kiboko?" Kifaru akamuuliza walipofika dikoni.

"Nenda kapumzike," Kiboko akasema.

Alipofika bondeni, hakulijua. Alidhani amepotea. Tope lote lilikuwa limegeuka shamba, mahindi marefu yamebeba, maboga yamelala chini yake. Akaingia katikati, anapapasa kwa pua. Mstari. Mstari mwingine, pembeni yake kidogo. Na mwingine. Akafuata mmoja, ukampeleka moja kwa moja mpaka kwenye boti yake, imelalia ubavu, na kivulini mwake watoto wa Nguchiro wamelala usingizi, matumbo yamewatuna.

Nguchiro akatokea na mahindi matatu ya kuchoma juu ya jani.

"Pole sana, kaka. Tumekuwekea. Karibu mahindi."

Kifaru hakuyapokea. "Hii mistari," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Ni mimi niliyeivuta."

"Ni wewe. Nani mwingine bondeni humu ana nguvu kama zako?"

"Ulijua kwamba maji yataondoka."

"Kaka, bonde zima linajua. Hata Kiboko alikwambia."

Pembe ya Kifaru ikashuka. Nguchiro akaitazama ile pembe, akatazama na shimo lake lilipo, akarudi nyuma hatua moja.

"Lakini siku ile ya ngoma," Kifaru akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba, si ya mtu anayegomba. "Siku ile ulinisikia nikilia. Ungeniambia tu, acha boti, kimbia kwa Kiboko. Ningemkuta. Ungeniambia siku ile tu, Nguchiro."

Nguchiro akakuna shingo.

"Siku ile, kaka, upande wa mashariki ulikuwa bado haujalimwa."

Akaweka mahindi chini, chupu! Akatumbukia shimoni.

Mnangoja niseme Kifaru alimfukua akamkanyaga? Hakumfukua. Alikaa chini katikati ya yale mahindi, sikio moja ameligeuzia mtoni, kama bado anasubiri kuambiwa neno, na watoto wa Nguchiro walipoamka walimpitia pembeni wakaenda kucheza. Ndiyo maana hata leo Kifaru anaishi peke yake, na ukimsogelea hata kwa heri anakurukia. Hajui tena jirani ni yupi.

Hadithi yangu imekwama hapo topeni, mwenye kifua aivute. Nyinyi shikeni neno lake: anayekuonyesha maji ya masika, muulize kiangazi yatakuwa wapi.